Maji ya Miguu ya Pikapu

Fundi Evodius wa Sofu, Kibaha, alikuwa na kipande cha chaki katika mfuko wa shati, sikukuu na siku ya kazi. Alitoka kwao Bukoba mwaka 1964, na kwa muda wa miaka kumi na miwili watu wa Sofu walimwita Mwalimu wa Magari, kwa kuwa hakugusa spana mpaka awe amemhoji dereva kama mwalimu amhojivyo mtoro. Hakupenda mzaha juu ya breki. "Injini ikigoma utalala njiani," alizoea kusema. "Breki ikigoma utazikwa."

Alhamisi moja mbele ya karakana yake ilisimama pikapu ya kijiji cha ujamaa cha Vihingo, wilayani Kisarawe, ile ile aliyoitengeneza wiki tatu zilizopita. Kando yake alisimama dereva Twalibu, kofia ameishika kwa mikono miwili.

"Imeanza tena, fundi. Nikikanyaga breki inatetemeka kama mwenye homa. Jana mteremkoni usukani nusura uniponyoke."

"Ulipakia nini?"

"Korosho, magunia kumi na mawili tu. Na Mwenyekiti wa kijiji amesema kesho, baada ya sala ya Ijumaa, halmashauri inakaa. Ama dereva ni mharibifu wa mali ya kijiji, ama fundi ni mwongo. Mmoja wetu atabeba lawama."

Evodius aliingia ndani ya gari, akaliendesha taratibu, akavuta breki ya mkono, ambayo hushika magurudumu ya nyuma peke yake. Gari likasimama kwa utulivu. Akarudia kwa breki ya mguu. Usukani ukampiga viganja. Basi ugonjwa ulikuwa mbele. Akaliinua kwa jeki, akavua magurudumu, akatoa madramu, yale mabakuli ya chuma yanayozunguka pamoja na gurudumu na kukamatwa na breki kwa ndani. Akayapima kwa bikari ya chuma, kwa urefu na kwa upana, akitia alama za chaki. Yote mawili hayakuwa duara tena. Yalikuwa yai.

Wiki tatu zilizopita aliyapeleka kukerezwa kwenye mashine, yakachongwa ndani mpaka yakarudi duara. Kwa wembamba uliobaki yangestahimili kukerezwa mara moja tu, na madramu mapya hayakuwapo dukani hata kwa dawa. Akiyakereza bila kujua kinachoyapinda, atakuwa ameyazika, na jina lake pamoja nayo.

"Unakanyaga breki mteremko mzima?"

"Nashuka na gia ya pili, kama ulivyonifundisha. Mwanajuma, mke wangu, ananicheka kwamba naendesha kama niliyepakata mayai. Naapa, fundi..."

"Siapishi mtu. Twende Vihingo nikaone kwa macho yangu."

Aliyarudisha madramu, wakaondoka bila mzigo. Twalibu hakudanganya: alishika gia ya pili na kukanyaga breki kidogo kidogo, akiipumzisha. Hata hivyo, kwenye mteremko wa mwisho msituni, mtetemo uliwapanda magotini na harufu ya breki ikajaa ndani. Evodius alishika mlango. Alitazama mguu wa dereva na asione kosa lolote. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kwani kama dereva hana kosa, nani amebaki?

Gari lilisimama penye ghala la kijiji. Kabla Evodius hajaweka mguu chini, wanawake watano walikuja mbio na ndoo, mbele yao Bibi Biasha, mama mzazi wa Mwenyekiti Abdala.

"Mgeni kaja! Maji ya miguu!"

Maji yakamwagwa juu ya magurudumu ya mbele. *Chwaaa!* Mvuke ukafuka kutoka katika matundu ya gurudumu.

Evodius aliinama kuutazama mvuke. "Shikamoo, bibi. Kila safari mnafanya hivi?"

"Marahaba, mwanangu. Tangu siku pikapu ilipoletwa. Msafiri haingii kwangu na vumbi la njia."

"Na magurudumu ya nyuma?"

"We fundi, mgeni huoshwa miguu au mkia?"

Wanawake wakaangua kicheko. Wakati huo Mwenyekiti akatokea na watu nyuma yake.

"Ndugu fundi! Umekuja kukiri leo, hukuweza kungoja kesho?"

Evodius alikuwa na jibu, lakini kulitamka ni kumtia aibuni mama wa mtu mbele ya mwanawe na kijiji chake. Kulimeza ni kumtoa Twalibu kafara. Akamgeukia bibi, akasema kwa upole:

"Bibi, chungu kikiepuliwa motoni kikavu, ukakimwagia maji ya kisimani, kitakuwaje?"

"Kitapasuka. Nani asiyejua?"

"Na chuma?"

"Chuma hakipa..." Bibi Biasha akakatisha. Akautazama mvuke uliokuwa bado unafuka. Akaitazama ndoo yake.

"Hakipasuki, bibi. Hupinda."

Bibi akaitua ndoo chini polepole. "Abdala, mwanangu, kesho usimwite dereva wala fundi. Niite mimi."

Mwenyekiti akaiinua ndoo ya mama yake, akaiweka kivulini.

Ijumaa halmashauri haikukaa. Jumamosi madramu yalikerezwa kwa mara ya mwisho, na Jumapili, baada ya misa, Evodius alipanda tena pikapu pamoja na Twalibu, magunia kumi na mawili ya mchanga nyuma yao. Kwenye mteremko ule ule aliweka kiganja juu ya usukani, kando ya mkono wa dereva. Twalibu akakanyaga. Usukani ulitulia kama meza.

Ghalani wanawake walikuwa wamesimama na ndoo zilizojaa, wala hakuna aliyesogea. Bibi Biasha alikuwa ameweka kigoda karibu na gurudumu la mbele. Akakaa, akaunyoosha mkono, akaligusa na kuuondoa upesi.

"Bado," akasema. "Mgeni hajapumzika."

Twalibu akavaa kofia yake, wakangoja wote.