Karatasi ya Kima

Kadzo, ambaye kijiji kizima cha Galu chamwita Mama Dama, amewapigia watu taipu kwa miaka thelathini: maombi ya kazi za hoteli, malalamiko ya mipaka, hata barua za posa. Taipureta yake hukaa barazani, na kila aingiapo jikoni, kima hushuka kutoka msituni wakaibonyezabonyeza.

Jirani yake Sefu, mwalimu wa hisabati, aliwakuta siku moja akacheka.

"Shikamoo, Mama Dama. Usiwafukuze hao. Wakipewa umri usiokwisha, watatoa kitabu kizuri kuliko vyote duniani."

"Marahaba, mwalimu. Watoe kwanza barua moja ya kuomba kazi, niwaachie meza nikapumzike."

Tangu hapo akawa anawaachia karatasi. Alizikuta zimejaa ggghhjj na alama za vidole vyenye maji ya maembe, akazitumia kuwashia jiko.

Kisha mzaha ukakauka nyumbani. Mjukuu wake, mtoto wa binti yake Dama, alikuwa na siku kumi na mbili na alikataa kunyonya. Alilia mpaka sauti ikamkauka, akaanza kukonda. Daktari hakuona ugonjwa. Kwa Waduruma, kabila lao, mtoto wa namna hiyo anadai jina. Basi Dama akamweka titini, na Kadzo akayataja majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, wakingoja litakalomnyamazisha. Chome. Mwero. Kaingu. Mtoto alizidi kulia.

"Wamekwisha, mama?"

"Wamekwisha."

Alidanganya. Alibaki kaka yake, Mramba. Alikuja matangani kwa mama yao amelewa mnazi, akavunja vyombo, na Kadzo akaapa kwamba jina lile halitatamkwa tena nyumbani mwake. Mramba alipokufa huko Kinango, hakwenda kumzika.

Adhuhuri ya siku ya kumi na tatu Kadzo alitoka nje, barazani. Kima walikuwa wamejipanga juu ya ukuta, kimya, wakiitazama taipureta. Kwenye karatasi palikuwa na mstari mmoja tu:

m r a m b a

Alimwita Sefu. Safari hii mwalimu hakucheka.

"Herufi sita. Huweza kutokea, Mama Dama. Mara moja katika milioni mia tatu, labda."

"Na hizo nafasi?"

Sefu hakuelewa. Kadzo ndiye aliyemfundisha Mramba kupiga taipu, kwenye meza hiyo hiyo. Kwa woga wa kukosea, kaka yake alibonyeza kitufe kirefu cha nafasi baada ya kila herufi, na hakuna aliyeweza kumwachisha tabia hiyo.

Kadzo aliingia ndani, akainama sikioni mwa mtoto.

"Mramba," alisema. "Nisamehe, kaka. Karibu nyumbani."

Mtoto alinyamaza. Akalishika titi, akanyonya kama mtu aliyetoka safari ndefu.

Barazani kitufe kirefu kiligonga mara moja.

"Kima hao, mama?" Dama aliuliza.

Kadzo alichungulia dirishani. Kima walikuwa bado ukutani, wote, na mezani hapakuwa na mtu.

"Ni mjomba wako," alisema. "Mwache amalize."