Nilipendekeza tupimane kingo za mto, tepu akaja kuishika mama mkwe

Mwangaluka wakuu. Salaam kwa mlioko makazini na mliojificha chooni na simu.

Hiki ninachoandika kimenikuta mwenyewe. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji huku maeneo ya Bulyanhulu. Cheo si kikubwa, ila nakitembeza kama cha mkuu wa mkoa.

Kwetu kuna mto mdogo wa msimu. Masika unajaa, kiangazi tunachimba visima mchangani, watu wanachota na ng'ombe wanakunywa. Upande wetu ni halmashauri moja, ng'ambo ni halmashauri nyingine, tena mkoa mwingine kabisa.

Tabu ndiyo ilianzia hapo.

Watu walikuja na pampu kuosha mchanga wa dhahabu pale kingoni. Tukiwafukuza, wanavuka. Wakifukuzwa kule, wanarudi. Siku moja niliwakimbiza na mgambo, wakavuka, wakakaa chini ng'ambo na kunipungia mkono. Sikuwa na mamlaka hata ya kuwarushia jiwe.

Visima vikaanza kukauka mapema, na maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa.

Mwishowe halmashauri zote mbili zikakaa meza moja, jambo ambalo sikutegemea kuliona nikiwa hai. Wakakubaliana mita sitini kila upande ziachwe wazi. Hakuna kulima, hakuna kuosha mchanga, hakuna kuchoma tofali. Iwe ngitili ya pamoja, yaani majani yatunzwe masika yote, mifugo ya pande zote ifunguliwe kiangazi tu. Kazi ya kuweka mipaka tukaachiwa sisi wa vitongojini.

Kwenye mkutano wa pamoja mdomo ukaniwasha. Nikasimama: "Ndugu zangu, mtu hawezi kujipima mwenyewe. Wa huku tuwapime wa ng'ambo, wa ng'ambo watupime sisi. Na atakayekutwa ndani aondoke siku hiyo hiyo, asituletee habari za kusubiri mavuno."

Nilipigiwa makofi, wakuu. Nilikaa chini najiona waziri.

Tukaanza na ng'ambo. Kuna bibi alikuwa na matuta ya viazi ndani ya mita sitini, akaomba tumvumilie kidogo vikomae. Nikamwambia sheria ni sheria. Viling'olewa vikiwa saizi ya kidole gumba.

Zamu yao ikafika. Naiona kamati yao inavuka mto, na mbele kabisa, tepu mkononi, ni mama mkwe.

Nilisahau kuwaambia kuwa nimeoa ng'ambo. Kumbe walimchagua, na mke wangu alijua, akaninyamazia tu.

Wasukuma wenzangu mnanielewa. Mama mkwe humkaribii, humpi mkono, humbishii. Akija njia hii, wewe unachepuka.

Nikamwamkia kwa mbali, "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba mwanangu," huku anaikunjua tepu.

Sasa majaruba yangu ya mpunga yako karibu na mto. Nilikuwa nimeyapima kwa macho, nikajiridhisha kuwa niko nje. Macho yangu yananipenda sana.

Tepu ikaanzia ukingoni, ikaingia jaruba la kwanza, la pili, ikamaliza yote. Mpunga ulishaanza kutoa masuke, na ndicho chakula cha nyumba yangu mwaka mzima. Nikataka kusogea nihakikishe alikoanzia. Nikipiga hatua mbele, mama anageukia kwangu, narudi nyuma haraka. Nilienda mbele na nyuma kama jogoo anayeogopa mbwa, na watu wanacheka waziwazi.

Nikamvuta mke wangu pembeni. "Mama Limi, kamwombe mama tuvune kwanza."

Akaniangalia. "Yule bibi wa viazi naye aliomba. Ulimjibu nini?"

Jirani yangu mwenye tanuru la tofali akapaza sauti: "Mwenyekiti akibaki, na mimi nabaki!" Wa ng'ambo wakaanza kutazamana. Nikajua nikibakiza hata jaruba moja, makubaliano yamekufa, na pampu zitarudi.

Nikachukua jembe, nikabomoa kingo za majaruba yangu mwenyewe, maji yakakimbilia mtoni. Niliumia, wakuu. Machozi yalinitoka nikasingizia jua.

Jirani akabomoa tanuru lake. Kiangazi hiki majani yapo, na hivi naandika visima bado vina maji. Wale wa pampu walijaribu tena, wakafukuzwa huku, na walipovuka wakakuta mgambo wa kule wanawasubiri.

Ila nyumbani ilikuwa ugali kwa kwenda mbele, mpaka watoto wakaacha kuulizia wali.

Juzi mke wangu karudi kutoka kwao na gunia la mchele. Mama kamwambia, "Wapikie watoto, na baba yao asikose." Basi. Hakutaja tepu, hakutaja majaruba.

Nilikula nimeinamisha kichwa, na niliongeza sahani.

Nilichojifunza ni kwamba ukitaka kutunga sheria kali, kwanza kasimame shambani kwako uangalie inakufikia wapi. Na eneo la wazi halilindwi na upande mmoja, hata mwenyekiti awe na mdomo kama wangu.

Karibuni mnicheke, nimeshazoea. Ila wenye hekima nisaidieni: mama mkwe usiyeruhusiwa kumkaribia, unamshukuruje? Simu nimejaribu. Kila akipokea, nakata.