Sabuni ya Soko na Sabuni ya Hoteli

Sokoni nilikuwa malkia, niseme tu ukweli. Sabuni ya mawese niliipika mwenyewe nyuma ya nyumba, nikaiimbia, nikaichezea kiuno, na kila aliyenunua nilimwongezea kipande kidogo juu. Hiyo ndiyo matabishi. Kisangani mteja asipopata matabishi anaona umemwibia. Akina mama walicheka, wakanunua.

Halafu masuwa, zile meli za mtoni, zikaanza kuleta sabuni za kiwanda kutoka Kinshasa, zenye karatasi za kung'aa. Wateja wangu walewale wakawa wananipita wakinisalimia kwa adabu. Niliumia jamani! Mume wangu akasema tuuze sufuria kubwa, twende kulima Bengamisa. Mimi na jembe? Thubutu! Nikaamua kuuzia hoteli, maana mashuka ya hoteli hayaishi kufuliwa.

Mkuu wa ghala la hoteli alikuwa bwana mtulivu kutoka Kivu ya Kaskazini. Nikamwimbia wimbo wote mbele ya meza yake. Hakutikisa hata kichwa. Nikapanga sabuni, nikaweka na kipande juu.

"Hiki ni cha nani, citoyenne?"

"Matabishi, papa."

"Nimupe nani? Hoteli haina mukono. Nikichukua miye, watasema nimekula." Akakirudisha. "Bon. Mvua ikinyesha mwezi muzima, sabuni itafika?"

Sokoni hakuna aliyewahi kuniuliza habari za mvua. Mtu hunusa, hucheka, hununua, basi. Huyu hata kunusa hakunusa. Akawaita wafuaji wajaribu, akamwita mhasibu, akapanda kumuuliza mkurugenzi, na mimi nimekaa pale nimenuna kama mtu aliyekuja kuposa. Jibu likaja: nilete kila Jumatatu, kwa majaribio. Siku nitakayokosa, tumeachana.

Nikawa naleta. Hakunisifu hata mara moja, na hilo lilinikera kuliko mzigo wenyewe.

Kisha mvua ikashika kweli. Barabara ya Bengamisa ikakatika, mawese yakapotea mjini. Sokoni ningesema "kesho", wangenitania na kunisamehe. Lakini Jumatatu ilikuwa inakuja. Nikapanda mtumbwi wa mota hadi Yangambi, nikanunua mawese kwa bei ya wazimu, nikarudi kupika huku nikigombeza kila mtu, na mvua pia.

Jumatatu nilifika hotelini nimelowa chapachapa, sabuni kavu chini ya turubai. Mkuu wa ghala alikuwa amesimama mlangoni, macho barabarani.

"Nimeishaagiza sabuni kwa mwengine," akasema.

Nikaanza kufunika sabuni upya.

"Nilizani hautafika. Sasa naenda kumuambia asilete tena. Hapa ni weye tu." Akainua kreti la kwanza mwenyewe, yeye mtu wa ofisini. "Na Jumatatu ingine, mama, ukuje mukavu."

Nikakaa chini palepale, nikalia kwa furaha mbele ya wafuaji wote, wala sikuona haya.