Mkorosho Uliopigwa Picha Kabla Yangu

Asubuhi ile naikumbuka, mwanangu, maana nilikuwa nimeshafunga nguo zangu kwenye khanga, namngoja mjomba apande kutoka Lupaso aje anirudishe kwetu. Kwa mila zetu sisi, mjomba ndiye mwenye mtoto, si baba. Akisema rudi, umerudi.

Kosa la mume wangu? Mkorosho! Baba Zena, na wakati huo hata Zena hajazaliwa, alikuwa mpiga picha hapa Newala. Serikali iliporuhusu tena bidhaa za nje na filamu za rangi zikaanza kufika madukani, akashikwa na mkorosho wa nyuma ya nyumba. Anaupiga picha alfajiri, anaupiga jua la utosi, anaupiga ukiwa na vumbi la salfa, ile dawa ya ukungu, anaupiga mabibo yameiva. Mimi bibi harusi sina hata picha moja. Majirani walisema amerogwa, nami nikawasadiki. Nilivyouonea wivu mti ule, sijapata kumwonea mwanamke yeyote.

Mjomba alipofika na kumaliza uji, akamwita mume wangu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mwanetu anataka kurudi kwao. Kisa mkorosho."

Mume wangu akaingia ndani, akatoka na picha, akazipanga mkekani. Zote mkorosho.

"Mjomba, filamu hizi sijazizoea," akasema polepole. "Wateja wa kwanza walitoka kwenye picha wamepauka kama waliopakwa majivu. Nikaogopa kumpiga picha huyu nikamharibu. Ndiyo maana najifunzia kwenye mti, mpaka niipate rangi hii."

Akagusa picha ya majani machanga, yale yanayochipua na wekundu wa hudhurungi, kisha akanigusa mkono. Rangi ilikuwa ile ile. Nililia mbele ya mjomba, bila haya.

Mjomba akanigeukia. "Ulimuuliza mwenyewe?"

"Niliwauliza majirani."

"Mama we! Umenipandisha mlima wote huu, na mwenye jibu unalala naye!"

Kuuliza si ujinga, walisema waliotutangulia. Ukiona mwenzio anafanya jambo usilolielewa, muulize yeye kwanza, kwa sauti ya chini, kabla hujawaita wakubwa. Usichelewe pia. Baba Zena ametangulia mbele ya haki, na yapo maswali niliyoyaweka nikidhani siku bado zipo. Sasa sina wa kumuuliza.

Mungu akujalie mwenza wa kuzungumza naye, mwanangu, na akupe ulimi mwepesi wa kumuuliza angali karibu.