Sabini na moja yangu, sabini na nne yake

Jamani, leo binti yangu ameona alama zangu za chuo.

Nilikuwa nimezifungua kwenye laptopu, nangoja majibu ya wale wanaozigeuza alama za Kenya ziwe za Kanada. Bila hayo, kazi ya maana hapa Toronto niisahau.

Akachungulia begani. "Mama, ulipata sabini na moja?"

Nikamweleza kwamba chuoni kwetu, kuanzia sabini ni A. Tena tulioipata tulikuwa wachache.

Juzi yeye alileta sabini na nne ya hesabu, ambayo shuleni kwake hapa ni B tu, nikamnyang'anya simu.

"Kwa hivyo yangu pia ni A?"

Nyinyi mngemjibu nini? Mimi nimemrudishia simu.

Majibu bado. Naomba tu anayepima zangu asiwe na roho kama yangu.