Mwanaume wa Oldonyo Sambu na Jitu Lake

Jamani, leo mdogo wangu Lomayani kauawa na kaka yetu wa damu, na kayataka mwenyewe.

Tulieni, ni kwenye gemu.

Kaka Saitoti yuko Ulaya, hatujamwona siku nyingi. Akasema tukutane humo. Maagizo hata mbuzi angeelewa: chagueni watu wa msituni, ndio upande wangu.

Tukaingia intaneti kafe hapa Themi. Mimi nikachagua mtu wa msituni, nikamaliza.

Lomayani akayaangalia yale masikio marefu, akasonya.

"Dada, mwanaume wa Oldonyo Sambu awe laini hivi?"

Akachukua jitu la kijani, meno nje, shoka mgongoni. Upande wa maadui!

Nikamwambia, kaka hatakutambua, na humo kwenye gemu adui hawezi kusoma unachomwandikia.

"Damu ni damu, atanijua tu."

Haya.

Kaka akatokea kwenye geti la mji wa humo, upanga mkononi. Lomayani mbio hadi mbele yake, na lile jitu likainama. Mnajua kwetu Oldonyo Sambu, mdogo humwinamishia mkubwa kichwa akiguse, ndiyo salamu. Eti akamsalimia kwa heshima!

Kichwa kiliguswa kweli. Kwa upanga.

Mara meseji ya kaka kwenye simu yangu: "Nimeua jitu moja jinga, limeniletea kichwa lenyewe. Mbona Lomayani simwoni? Nimemkumbuka sana."

Lomayani kajiinamia hapa, hataki nijibu.

Nisaidieni. Nimwambie kaka yuko wapi huyu mwanaume wa Oldonyo Sambu?