Nguruwe Aliyehesabiwa Mweupe

Nikipita sokoni wanapokaanga nguruwe, ile harufu ya mafuta hunirudisha kwa bibi. Alinipa kitoto cha nguruwe nikilee, jike. Nilimlisha pumba na machicha ya pombe, na akila alipiga kelele kama mlevi. Bibi akaniapia, "Huyu wako, hachinjwi."

Mara presha ya babu ikapanda. Mganga wa zahanati, jirani yetu, akamkataza nyama nyekundu. Sasa babu yule, chakula bila nyama kwake ilikuwa matusi! Bibi akawaza, akasema, "Ng'ombe ndiyo nyekundu. Nguruwe ukimchemsha anakuwa mweupe kama kuku."

Nilirudi kutoka kuteka maji nikakuta banda tupu.

Jioni mganga akapita, akamkuta babu anatafuna. "Shikamoo mzee. Nyama gani hiyo?"

"Nyeupe. Nguruwe."

"Ah, mzee! Nguruwe naye ni nyekundu, sawasawa na ng'ombe na mbuzi. Kuiva hakubadilishi kitu."

Babu akakitua kipande. Bibi hakunitazama usoni, akanisogezea bakuli. "Basi kula wewe, mjukuu wangu, isije ikaharibika."

Nililia, lakini nilikula.